Richard III na watoto wa kaka yake
Unasema Richard III, mfalme wa Uingereza, aliwaua wana wawili wa kaka yake waliokuwa wakiwekwa katika Mnara wa London, ngome ya kifalme. Lakini mifupa iliyofukuliwa humo mwaka 1674, unayoitegemea, haithibitishi mauaji. Ilipochunguzwa 1933 hata jinsia haikubainika, na haijapimwa DNA. Thomas More, mwandishi Mwingereza aliyesimulia mauaji hayo, naye msome kwa tahadhari: watoto walipotoweka 1483 alikuwa na miaka kama mitano, na aliandika chini ya Watudor, ukoo wa kifalme uliompindua Richard.

Anza na Mancini, Mtaliano aliyeandika kuhusu matukio hayo. Alikuwepo London hadi Julai 1483, na kabla mwaka haujaisha akaandika kwamba wavulana walionekana madirishani kwa nadra, kisha wakaacha kuonekana kabisa. Hata hivyo anataja hofu za watu tu, hasemi nani aliua. Kinachomlemea Richard ni ushahidi wa mazingira, ila mzito: walikuwa mikononi mwake, uvumi ukaenea, na hakuwahi kuwatoa hadharani.