Uraia wa mtoto na desturi za London

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unahamia London kikazi kutoka Chicago, kwamba mkeo ni mjamzito, na unauliza kama mtoto atakuwa raia wa Uingereza kwa kuzaliwa huko. Tafadhali usilichukulie jambo hili kwa mazoea ya Marekani, ambako Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yalifungamanisha uraia na kuzaliwa nchini. Uingereza iliacha utaratibu wa namna hiyo tarehe 1 Januari 1983, na tangu hapo mtoto anayezaliwa huko huwa raia iwapo baba au mama ni raia au ana ukaazi wa kudumu. Viza ya kazi peke yake haitoshi. Hata hivyo, mmoja wenu akipata ukaazi huo kabla mtoto hajatimiza miaka 18, mnaweza kuomba aandikishwe kuwa raia, nami ninawasihi mtunze nyaraka zote kwa ajili ya siku hiyo.

Kuhusu desturi, jihadhari zaidi kazini: mkubwa wa Kiingereza akikuambia kwa upole kwamba huenda ungependa kuitazama ripoti upya, mara nyingi anakuagiza uirekebishe.