Nimemaliza Vuta N'kuvute, sasa nisome nini?

SWALI: Dada mkutubi, habari za kazi. Mimi ni fundi umeme hapa Morogoro. Rafiki yangu aliniazima riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, nikaisoma mpaka usiku wa manane. Tangu hapo sijapata kitabu cha kunishika namna ile. Nilipouliza, watu wakaniambia Kezilahabi ndiye gwiji, nikanunua Nagona. Nilifika katikati nikaiweka. Nikanunua tena kitabu kinachosifiwa sana cha jinsi ya kufanikiwa kwenye biashara, nacho kikanishinda. Programu ya vitabu niliyoweka kwenye simu inanipendekezea vya Kiingereza tu. Nyinyi mnaofanya kazi na vitabu mnajuaje kitabu gani kinamfaa nani?

JIBU: Kaka, kwanza ondoa wasiwasi. Mtu anayekesha na riwaya nene kama ile si mvivu wa kusoma. Ulichokosa ni namna ya kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, na hiyo ni kazi yenye utaratibu wake ambao sisi wakutubi tunaufundishwa na kuutumia kila siku.

Msomaji akija mezani kwangu kuuliza "kitabu gani kizuri?", simjibu. Namuuliza yeye: kitabu cha mwisho ulichokipenda ni kipi, na ulipenda nini ndani yake? Mkutubi mmoja wa Seattle, Marekani, Nancy Pearl, ameliweka jambo hili vizuri. Anasema msomaji huingia kwenye kitabu kwa mmoja wa milango minne: hadithi, wahusika, mahali, au lugha. Kila kitabu kina milango yote minne, ila mmoja huwa mpana kuliko mingine, na kila msomaji ana ule anaoupendelea. Nimeutumia mpango huu kwa wasomaji wa Kiswahili na unafanya kazi, tena kuliko kugawa vitabu kwa mada.

Kwa hiyo, bila kufungua kitabu, jiulize ni nini cha Vuta N'kuvute kilichokubakia kichwani. Ni Yasmin, binti aliyeozwa mzee Raza na akaamua kuondoka? Ni Denge na wenzake wanavyowindwa na makachero wa Mwingereza? Ni Unguja yenyewe ya miaka ya 1950, Ng'ambo kwa Mwajuma, taarabu na kelele za mtaani? Au ni jinsi watu wanavyozungumza mle ndani, Kiswahili cha Unguja kinachokufanya urudie sentensi kwa raha tu? Kile kinachokujia mwanzo ndicho cha kufuata.

Kama ni Yasmin, unapenda wahusika, hasa mtu aliyebanwa anayetafuta pa kutokea. Basi chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Humo yumo Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mpaka akatoroka, na mwandishi hamwonei haya msomaji juu ya yaliyompata huko nje. Baada ya hapo Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), kisha Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Hiyo ya mwisho inakutoa pwani na kukupeleka Ukerewe, lakini binti anayekua chini ya baba mkali utamtambua mara moja.

Kama ni mahali na zama, baki na Adam Shafi huyohuyo. Kuli (1979) inakupeleka bandarini Unguja, kwa Rashidi, mtoto wa kuli anayeishia kubeba mizigo kama baba yake, hadi mgomo wa 1948. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inakuonyesha shamba la bwana mkubwa na watumwa wake wa kisasa mpaka mapinduzi ya 1964 yanapofika mlangoni. Haini (2003) inaingia gerezani na wafungwa wa kisiasa. Ukizisoma hizi, umeishi Zanzibar ya miongo kadhaa kupitia mkono wa mtu mmoja. Halafu unaweza kurudi nyuma zaidi kwenye pwani ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022.

Kama ulichopenda ni kukimbizana na kufichana, hapo wa kwako ni Muhammed Said Abdulla na mpelelezi wake, Bwana Msa, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), au riwaya za kijasusi za Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Wapo wanaozidharau hizi. Mimi sizidharau hata kidogo, kwa sababu nimeona zinavyorudi kaunta zimechakaa kwa kusomwa.

Na kama ni lugha, soma Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), usiwe na haraka.

Angalizo la kikazi hapa: majina ya Wazanzibari hawa yanawachanganya hata wauzaji. Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed na Muhammed Said Abdulla ni watu watatu tofauti. Adam Shafi naye jina lake kamili ni Adam Shafi Adam, kwa hiyo ukimkosa kwenye katalogi chini ya Shafi, mtafute chini ya Adam. Na unapoandika Vuta N'kuvute kwenye kompyuta ya maktaba, andika "vuta" peke yake, maana ile alama ya ritifaa huandikwa kwa namna mbalimbali na mashine haisamehi. Maktaba inayotumia Dewey, mpangilio wa kuweka vitabu rafuni kwa namba za mada, itakuwa na fasihi ya Kiswahili kwenye namba 896.392. Simama mbele ya rafu hiyo na pitisha macho kulia na kushoto. Msomaji anayefanya hivyo huondoka na kitabu ambacho hakuna mtu angemtajia.

Sasa Nagona. Waliokwambia Kezilahabi ni gwiji hawakukudanganya. Walichokosea ni kudhani jina la mwandishi linatosha. Rosa Mistika, Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, zilizotoka miaka ya 1970, zina hadithi unayoweza kuishika kwa mkono. Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliziandika kwa njia nyingine kabisa: vitabu vyembamba, havifiki kurasa 100, vyenye mafumbo, falsafa na safari isiyo na ramani. Anayependa fikra zinazozunguka huvipenda mno. Wewe umetoka kwenye riwaya yenye watu, mitaa na mapigano, ukatumbukizwa humo bila kuambiwa. Iweke Nagona kabatini, na usome Rosa Mistika kwanza, kisha Kichwamaji, ndipo uijaribu tena kama moyo utataka. Kile cha biashara kigawie mwenye haja nacho. Kilisifiwa na watu waliokuwa na tatizo la biashara, na wewe hukuwa nalo.

Kuhusu programu ya simu, tuitendee haki. Nyingi hufanya kazi kwa kulinganisha: inaangalia vitabu ulivyovipa alama, inatafuta watu wengine waliovipa alama kama wewe, halafu inakuletea walivyovipenda hao. Vitabu vya Kiingereza vimepewa alama na watu wengi mno. Riwaya ya Kiswahili unaweza kuikuta haijapewa alama na mtu hata mmoja, au imeingizwa bila kuandikwa lugha yake, au haimo kabisa. Mashine ikikosa wa kukulinganisha naye, inakimbilia panapo watu wengi. Itumie kuweka kumbukumbu ya ulivyosoma. Ushauri uombe kwa binadamu.

Kwa binadamu nako, jinsi ya kuuliza ni muhimu sana. Ukiingia duka la vitabu ukasema "nipe riwaya nzuri", muuzaji atakupa kitabu cha mtihani cha mwaka huo. Usimlaumu. Vitabu vilivyoteuliwa shuleni ndivyo vinavyochapwa kwa wingi na ndivyo vinavyomlipia pango. Mwambie hivi: "Nilipenda Vuta N'kuvute kwa sababu ya Yasmin. Nagona ilinishinda kwa sababu sikuona hadithi." Alichokiacha mtu njiani hunisaidia mimi sawasawa na alichokimaliza, na watu wengi hukificha kwa aibu. Rafiki aliyekuazima kitabu kile muulize yeye alikesha na kipi kingine. Tayari umeshajua kwamba mnafanana.

Ukitaka waandishi wapya, fuatilia washindi wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell. Mimi huagiza vitabu vyake kila vinapopatikana. Ila tuzo inakwambia waamuzi walipenda nini, kwa hiyo bado soma kurasa za mwanzo kabla ya kulipa.

Na kitabu kikikuchosha? Nancy Pearl huyo anashauri ukipe kurasa 50, na ukishavuka umri wa miaka 50, utoe umri wako kwenye 100, kurasa zinazobaki ndizo za kukijaribia. Kwa riwaya zetu, ambazo nyingi ni fupi, mimi huwaambia wasomaji sura mbili. Sura mbili zikiisha nawe hujali nini kitampata yeyote, kifunge.

Kwa kuwa umemaliza na Yasmin na hujaniambia mlango wako, ningekuanzishia Utengano, kisha Kuli, ambayo naona itamgusa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono kama wewe. Ukienda kununua Utengano, soma jalada vizuri. Imewahi kusomwa shuleni, na madukani kuna vijitabu vya "Mwongozo wa Utengano" vyenye jina lilelile kwa herufi kubwa, ambavyo ni uchambuzi wa wanafunzi na vitakumalizia hadithi yote ukurasa wa tatu. Kama ni nakala ya kando ya barabara, fungua katikati na mwishoni uhakikishe namba za kurasa hazijaruka na wino unasomeka, maana nakala za kudurufu huuzwa pamoja na halisi, na ukurasa unaokosekana utaugundua usiku ukiwa kitandani.