Chipu ya BIOS: kila nikisoma inatoa kitu kingine

SWALI: Yaya fundi, jambo. Niko hapa Kadutu, Bukavu, natengeneza ordinatere. Mteja alikuwa anafanya apdeti ya BIOS (ile programu ya kwanza inayoamsha mashini) kwa laptopu yake, kuran ya umeme ikakatika katikati, na bateri ilishakufa zamani, tangu hapo inawaka taa tu, ekra nyeusi. Nilinunua ile CH341A nyeusi, kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu, na kibanio chake, chipu yenye BIOS ni W25Q64FV. Programu inaiona, inasoma mpaka mwisho bila kulalamika, ila nikisoma mara ya pili fishie (faili) haifanani na ya kwanza. Mwenzangu anasema nidanlodi fishie ya modeli ileile niiandike, basi. Nifanye hivyo?

JIBU: Usiandike kitu kwanza, mdogo wangu. (Apdeti nyingi zinakataa kuanza bila bateri, huyo mteja lazima aliilazimisha.) Kama kusoma kwenyewe hakueleweki, kuandika ndiyo kutaharibika zaidi, na ukishafuta chipu kilichokuwa ndani hakirudi tena, ndani mule kuna namba ya mashini, na laptopu zilizouzwa na Windows kuanzia Windows 8 ya 2012 mara nyingi ufunguo wa Windows umo humohumo. Fishie ya mtu mwingine inaweza kuwasha mashini, sawa, lakini na namba za huyo mtu. Mwenzako ana haraka na mali isiyo yake.

Toa chaji, toa bateri kubwa na ile ndogo ya saa. Safisha miguu ya chipu kwa alkoli, waya mwekundu wa kibanio ukae kwenye mguu namba 1, pale penye kinukta. Halafu chukua multimetri upime hiyo CH341A, nyingi za rangi nyeusi zinapeleka volti 5 kwenye waya za data hata kama chipu inapewa 3.3, na chipu yako, inayoishia na FV, ni ya 3.3. Siku ukikutana na W25Q64FW, hiyo ni ya 1.8, usithubutu bila adapta ya kushusha volti.

Soma tena mara mbili, linganisha. Fishie lazima iwe baiti 8,388,608 kamili, maana ile 64 kwenye jina la chipu ni megabiti, sawa na megabaiti 8. Zikikataa kufanana, huenda kuran ya kibanio inakimbilia kwenye bodi nzima, basi toa chipu kwa hewa ya moto uisomee nje. Programu si tatizo, AsProgrammer kwa Windows au flashrom kwa Linux zote zinafaa.

Zikifanana, weka kopi mahali pawili. Hapo ndiyo uchukue BIOS ya kampuni iliyotengeneza mashini, lakini usiimwage nzima nzima, mara nyingi saizi yake si ya chipu, fungua zote mbili na UEFITool, programu ya kufungua fishie za BIOS, badilisha sehemu ya BIOS tu ndani ya kopi yako, zingine ziache. Na kama namba ya mashini ilikaa mlemle kwenye sehemu ya BIOS, irudishe kutoka kopi ya zamani. Ukimaliza kuandika bonyeza verifai, ilinganishe chipu na fishie yako.

SWALI: Nimesoma chipu ya TV, fishie yote ni FF. Ni tupu?

JIBU: Chipu iliyofutwa inaonyesha FF, ni kweli, lakini kibanio kisichogusa kinaweza kuonyesha FF vilevile. Angalia ID kwanza, ile namba ya kutambulisha chipu: ikitoka FFFFFF, haujashika chipu bado.