Karani wa hesabu na maombi ya Kanada
Ndugu, umeuliza kama cheo cha karani wa hesabu kitakukwamisha kwenye maombi ya kuhamia Kanada. Maofisa wa uhamiaji hawaangalii cheo, wanaangalia kazi ulizofanya. Kama ulikuwa unaandika ankara na kulipa wazabuni tu, unaangukia msimbo 14200 wa orodha ya kazi ya Kanada (NOC), TEER 4, yaani ngazi ya chini ya mafunzo na elimu, na Express Entry, mfumo wa kuomba ukaazi wa kudumu kwa wenye ujuzi, haikuhusu. Ila kama ulikuwa unafunga hesabu za mwezi na kuandaa taarifa za fedha, soma majukumu ya 11100, msimbo wa wahasibu na wakaguzi wa hesabu.

Bosi aandike barua yenye majukumu, saa kwa wiki, mshahara na tarehe. Ile ya “alikuwa mwadilifu na mchapakazi” haisaidii kitu! Na msinakili maelezo ya msimbo neno kwa neno, mtatiliwa shaka.

Uzoefu unaohitajika: mwaka mmoja mfululizo, yaani angalau saa 1,560 za kazi, ndani ya miaka 10 iliyopita. Digrii ipeleke WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje, ikatathminiwe.