Ipe kilo tarehe ya mwisho, kisha jiandae na mashindano

Dada mmoja ninayeogelea naye hapa Moshi aliniambia juzi kwamba amejiandikisha triathloni yake ya kwanza. Zimebaki wiki kumi, na anataka siku hiyo imkute amepungua kilo 12. Nilimwomba tukae kwanza pembeni ya bwawa. Hesabu hiyohiyo, wiki kumi kwa kilo 12, niliipiga mimi miaka mitatu iliyopita, na ikanitoa kwenye mashindano kabla sijauona hata mstari wa kuanzia. Niliyomweleza pale ndiyo ninayoyaandika hapa.

Kwa ambaye neno triathloni ni geni kwake: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, na saa haisimami. Umbali mfupi ni mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Ule wa Olimpiki, ulioingia kwenye michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mara mbili yake. Mimi nafanya ule mfupi.

Mwaka ule wa kwanza nilianza vibaya tangu kwenye kujipima. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Tulikuwa tumeshuka kutoka nyumbani mlimani, siku kumi na zaidi za mtori, ndizi nyama, nyama choma na mbege kwa wazee. Nikapanda kwenye mizani ya kijana mmoja karibu na stendi, nimevaa viatu, mkoba begani. Kilo 89. Kwa hofu ile ile nikajipangia kurudi 77. Baadaye nilijua kwamba uzito wangu wa kweli ulikuwa kama 86. Zilizobaki zilikuwa viatu, mkoba, chumvi ya sikukuu na maji ambayo chumvi hiyo huyashikilia mwilini. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomsihi kila mtu: usiweke lengo juu ya namba ya wiki ya sikukuu. Subiri siku kumi, kula kama unavyokula siku zote, ndipo ujipime.

Sasa hebu tuiangalie ile hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Zidisha kwa 12, gawanya kwa siku 70. Unatakiwa ukose kalori 1,320 kila siku inayoingia kwa Mungu. Mwili wangu, kwa uzito ule na mazoezi yale, ulihitaji kama 2,400. Ukitoa hizo nabaki na 1,100 hivi, ambayo ni chini ya kile ambacho mwili wangu ungetumia nikilala kitandani kutwa bila kunyanyua hata kikombe. Na mimi nilikuwa naogelea mara mbili kwa wiki, baiskeli mara mbili, mbio mara tatu. Hakuna aliyenikalisha chini akanionyesha hesabu hiyo, nami sikuwaza kuifanya.

Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo tatu nikapiga vigelegele. Mafuta yalikuwa kidogo sana humo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu tatu za maji. Ukiacha ugali na ndizi ghafla, akiba inaisha na maji yake yanaondoka. Mizani inakupongeza, kumbe umemwaga mafuta ya gari, hujapunguza mzigo.

Nililijua hilo vizuri kwenye mlima wa Marangu. Wiki ya tano, Jumamosi, niliondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi na chai ya rangi tu tumboni. Mpaka Himo sikuwa na tatizo. Pale unapokata kushoto na barabara inaanza kupanda, miguu ikawa kama si yangu. Mjini kwetu ni mita 800 na kitu, geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Mwinuko ule hauna huruma kwa mtu mwenye njaa. Macho yakaingia giza. Nilishuka nikakaa kwenye majani kando ya shamba la migomba nikitetemeka, hadi mama mmoja mwenye duka akaniletea soda na kunishika bega akisema, "Pole mwanangu, kunywa taratibu." Sijamsahau.

Hata hapo sikuelewa. Nilijilaumu kwamba sina moyo wa kutosha. Majirani walikuwa wameanza kuniuliza kama ninaumwa, maana kwetu mtu akipungua haraka watu husoma shida: ugonjwa, ndoa, madeni. Nikawa nawajibu niko kwenye dayati, na moyoni naona fahari. Wiki ya nane mfupa wa goti kushuka chini, ule wa mbele, ukaanza kuuma sehemu moja tu, palepale, ukipabonyeza kwa kidole unaruka. Nikaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, hakuanza na mguu. Aliniuliza, "Mara ya mwisho umeingia mwezini lini?" Nikahesabu. Miezi miwili ilikuwa imepita. Mimi nilidhani ni uchovu wa kazi.

Alinieleza jambo ambalo natamani kila mwanamke anayefanya tizi alijue. Chakula kisipotosha kwa mwili na mazoezi kwa pamoja, mwili unaanza kuzima vitu ambavyo unaona vinaweza kusubiri: hedhi, ukarabati wa mifupa, kinga. Mifupa isiyokarabatiwa, ukiendelea kuigonga barabarani kila siku, hupata ufa mdogo. Wanaume nao hupatwa, ila wao hawana ile kengele ya kila mwezi, wanaona tu hamu ya tendo la ndoa imepotea, usingizi mbaya, mafua yasiyoisha. Nilikaa wiki saba bila kukimbia. Mashindano yakapita nikiwa nyumbani. Na kilo? Nane nilizokuwa nimepunguza zilirudi zote kabla ya Krismasi.

Nilipoanza upya mwaka uliofuata, niligeuza swali. Badala ya kuuliza nataka kuwa na kilo ngapi siku ya mashindano, niliuliza kazi ya kupungua nitaimaliza lini ili mashindano yabaki na nafasi yake. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyojifunza: lengo la uzito lipewe tarehe yake ya mwisho, na tarehe hiyo iwe angalau wiki nane kabla ya mashindano. Mashindano yangu yalikuwa mwanzoni mwa Julai. Nilianza katikati ya Januari, nikaweka mwisho wiki ya mwisho ya Aprili. Wiki 14, kilo 5. Fanya hesabu ileile: ni kama kalori 390 kwa siku. Hiyo ni namba ambayo mtu anaweza kuishi nayo huku akifundisha, akipika na kulea watoto. Kwa jumla, nusu kilo kwa wiki ndiyo ningeiita mpaka kwa mtu anayefanya mazoezi ya michezo mitatu, na kupungua robo kilo si kushindwa.

Kalori 390 nilizipata wapi? Sikugusa ugali. Chai yangu ilikuwa vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku. Kijiko kidogo ni kama gramu 4, kwa hiyo ni gramu 48, karibu kalori 190. Nilishuka kijiko kimoja kila wiki mbili hadi ulimi ukazoea. Mafuta ya kupikia niliacha kumimina kutoka kwenye dumu, nikaanza kupima kwa kijiko cha chakula. Kila kijiko kimoja ni kalori 120 na ushee, na mchicha wetu ulikuwa unakunywa vitano. Soda ya mchana kazini nikaiacha siku ambazo sifanyi mazoezi. Basi, imetosha.

Siku za mazoezi nakula, tena kabla. Ndizi mbivu mbili au kiporo cha viazi vitamu kabla ya baiskeli, na safari ikizidi saa moja nakula njiani: ndizi mbili kwa saa hukupa kama gramu 50 za wanga, na kinachopendekezwa ni gramu 30 hadi 60. Mtu atakwambia ukila ndizi barabarani unajirudishia kilo. Mwambie kupungua kunafanyika jioni jikoni na siku za mapumziko, siyo juu ya tandiko la baiskeli.

Kuogelea kunahitaji neno lake. Maji ya baridi yanaleta njaa ya ajabu. Nikitoka bwawani, kwenye kona ya barabara kuna chipsi mayai, na mwaka wa kwanza nilikuwa nashinda njaa kutwa halafu naangukia pale jioni. Sasa nabeba uji wa ulezi wenye maziwa kwenye chupa ya chai, nakunywa kabla sijavaa viatu. Nikifika kwenye ile kona napita kwa amani.

Kuhusu mizani: nunua ya nyumbani, iweke sakafuni penye saruji au marumaru, panda asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai. Uzito unaweza kupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kati ya leo na kesho bila mafuta yoyote kuongezeka, hasa karibu na siku zako. Kwa hiyo naandika namba saba za wiki, natafuta wastani, nalinganisha wastani na wastani. Kila Jumapili napima kiuno kwa futikamba ya cherehani. Kuna wiki tatu mfululizo mizani haikusogea kabisa na kiuno kikapungua sentimita mbili. Ningekuwa na mizani peke yake ningepunguza chakula tena, na tungerudi kulekule.

Na pembeni ya daftari la kilo niliweka safu ya pili, ya kazi. Mita 750 bila kushika ukingo. Kwenda kiwanda cha sukari cha TPC na kurudi kwa baiskeli, ile barabara tambarare ya kwenye miwa, bila kushuka. Kilomita tatu za mbio Msitu wa Rau mara tu baada ya baiskeli, miguu ikiwa bado mizito. Safu ya kazi ikianza kurudi nyuma wiki mbili mfululizo wakati ya kilo inashuka, naongeza chakula wiki hiyohiyo. Sijadiliani nayo.

Sisi wa huku mlimani tuna kosa letu: tunafanya mazoezi kwenye vilima vya Kibosho na Machame, tunaona kila kilo inavyotuvuta chini, tunaamini wepesi ndiyo kila kitu. Ni kweli kwenye kupanda na kwenye kukimbia. Lakini majini uzito hauamui sana, na kwenye baiskeli ya barabara tambarare unapigana zaidi na upepo. Mashindano yangu yalikuwa pwani, hakuna kilima hata cha kuotea. Kilo nilizokuwa nazililia zingenisaidia kwenye kilomita 5 za mwisho tu, na hata hizo zinahitaji miguu iliyoshiba.

Nyumbani nako kuna kazi. Mama mkwe wangu yuko Uru, na ukweni hukatai chakula. Mara ya kwanza nilisema sili, akanyamaza siku nzima, nikajua nimemuumiza. Mwaka wa pili nilimwendea mapema. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Naona unazidi kukonda, huko mjini hamli?" "Tunakula mama. Nimeanza kupungua polepole, daktari anajua. Niwekee mtori bakuli moja kamili, na huu mwingine nifungie nile kesho nikitoka kukimbia." Akafunga. Tangu hapo yeye ndiye anayeniuliza kama nimekimbia.

Kama una kisukari, unatumia dawa za presha, ni mjamzito, unanyonyesha, au uliwahi kuwa na vita na chakula hadi kujitapisha au kujinyima, muone daktari kabla hujashika mizani. Na hedhi ikikosa kuja, usisubiri ya pili kama nilivyosubiri mimi.

Mwisho wa Aprili nilikuwa nimepungua kilo nne na nusu. Nusu iliyobaki niliiacha. Tarehe ilikuwa imefika, nikaifunga mizani kwenye kanga nikaipandisha juu ya kabati, nikarudisha sahani ya wali kwenye siku za mazoezi marefu. Mei na Juni, kwenye ule ubaridi wa mawingu ya Moshi, ndipo kasi ilipokuja: kilomita 5 zangu zilishuka kutoka dakika 37 hadi 33. Siku ya mashindano sijui nilikuwa na kilo ngapi. Nilitoka baharini, nikapanda baiskeli, nikakimbia hadi mwisho bila kutembea, na mama mkwe alipiga simu kabla sijavua viatu.

Yule dada wa bwawani ameihamisha triathloni yake hadi ile ya mwaka ujao. Atashuka kutoka kwao Rombo baada ya Krismasi, na tumekubaliana tutampima katikati ya Januari, asubuhi, bila viatu.