Wi-Fi inayozimwa skrini ikiwa imefungwa

Asalaam aleikum, ndugu yangu wa Lamu. Nimekuelewa: kompyuta ya mapokezi katika nyumba yenu ya wageni inatumia Linux yenye GNOME (mazingira ya madirisha na menyu unayoyaona kwenye skrini), na kila mnapofunga skrini na kuondoka, mtu hufungua menyu ya juu pembeni akazima Wi-Fi bila kuulizwa nywila. Hiyo si hitilafu. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, huiuliza polkit, huduma inayoamua nani anaruhusiwa kufanya nini, iwapo aliye mbele ya mashine anaruhusiwa, na kwa kawaida jibu huwa ndiyo, kwa kuwa kikao kilichofungwa bado ni kikao chenu.

Tengeneza faili yenye kiishio .rules ndani ya /etc/polkit-1/rules.d/, uandike humo kanuni ya kukataa kitendo org.freedesktop.NetworkManager.enable-disable-wifi kwa akaunti ya mapokezi, na vilevile kwa akaunti inayoendesha skrini ya kuingilia, ambayo mara nyingi huitwa gdm. Akaunti ya msimamizi usiiguse kabisa, nakusihi, ili ubaki na njia ya kurekebisha ukikosea.

Hali ya ndegeni hupitia /dev/rfkill, njia nyingine ya Linux ya kuzima redio kama Wi-Fi, kwa hivyo kanuni hiyo haiizuii. Ndiyo maana mimi ningependelea muunganishe mashine hiyo kwa waya. Ikiwa inahifadhi malipo ya wageni, mwite fundi aikague kwanza.