Kobe wa Chunya na bawaba ya mgongoni

SWALI: Ndugu Mhariri, wakati wa palizi wanangu waliokota kobe shambani, wakamtoboa gamba pembeni ili wamfunge kamba asitoroke. Niliwahi kuona katika televisheni kobe wa Marekani anayejifungia ndani ya gamba mbele na nyuma, lakini huyu wetu hushusha sehemu ya nyuma tu. Je, ni jamii moja, au huyu ana kasoro? – Msomaji, Chunya.

JIBU: Hana kasoro, wala si jamii moja. Uliyemwona ni wa jenasi ya Terrapene, anayeishi Marekani na Meksiko. Ijapokuwa hushinda nchi kavu akila uyoga, matunda na konokono, ukoo wake uko karibu zaidi na kobe wa maji baridi kuliko kobe wetu wa porini. Bawaba yake iko tumboni: gamba la chini lina sehemu mbili zinazoinuka, moja mbele na nyingine nyuma, mpaka zikabana na gamba la juu.

Huyo wa kwenu, kwa maelezo yako, ni wa jenasi ya Kinixys, ambayo bawaba yake iko mgongoni. Mtazame ubavuni, nyuma kidogo ya katikati ya gamba, utaona mshono unaopanda kutoka ukingoni. Hapo ndipo gamba la juu hupinda likafunika miguu ya nyuma na mkia. Mbele hana mlango, hivyo huvuta kichwa ndani na kukikinga kwa miguu ya mbele yenye magamba magumu. Kobe wachanga, wa huku na wa kule, huwa bawaba yao bado haijakomaa.

Linalonitia wasiwasi ni hilo tundu. Gamba ni mfupa hai, lina damu na mishipa ya fahamu, na gamba la mgongoni limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Kulitoboa kunaumiza na hufungulia vijidudu njia. Fungueni kamba leo, mmwonyeshe daktari wa mifugo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, kwani kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela. Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Mwarifuni afisa wanyamapori wa wilaya, ili kidonda kikipona kobe arudishwe palepale shambani alipookotwa.